Shangazi, hili wazo kwamba nilimuua mamangu halinitoki

Shangazi,

Asalaam aleikum na shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, nakaa Likoni. Nina cherehani yangu barazani, nashona madera na sare za shule.

Mamangu alifariki mwaka jana, wiki mbili baada ya Idi. Alikuwa akikaa nami tangu babangu alipotutoka, na alikuwa na presha ya miaka mingi. Usiku huo baada ya isha aliniambia kichwa chamuuma na mkono wa kushoto una ganzi. Nilimtazama nikaona anazungumza vizuri. Nikampa dawa yake ya presha, nikamkanda mkono kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, nikatandika mkeka kando ya kitanda chake nikalala hapo hapo. Mume wangu alikuwa zamu ya usiku bandarini. Nikasema moyoni, kukicha nitampeleka. Kulipokucha mdomo ulikuwa umekwenda upande na maneno hayatoki.

Tulimpakia kwenye tuktuk hadi feri, tukavuka, tukafika hospitali. Daktari, kijana tu, aliniuliza, "Ilianza saa ngapi?" Nikamwambia jana usiku, kama saa tatu. Akainamisha kichwa akaandika. Hakusema neno. Shangazi, kule kuandika kwake bila kusema neno ndiko kunakoniamsha mpaka leo. Mama alikaa siku tatu, ya nne akaenda zake.

Kakangu mkubwa yuko Doha. Nilimpigia simu siku ya pili jioni, kwa sababu nilidhani mama atainuka na sikutaka kumtia hofu mtu aliye mbali. Alipofika tulikuwa tumeshazika. Aliingia matangani, wanawake wamejaa sebuleni, akanitazama akasema, "Mngenipigia mapema, haya yasingekuwa." Akatoka kwenda kukaa na wanaume. Hitima ilipokwisha akarudi Doha. Tangu hapo hunitumia sauti kwenye WhatsApp, nami sizifungui. Najua atakalosema.

Sasa nina mawazo mawili yanayozunguka kichwani kama tiara. Nilimuua mamangu kwa uzembe. Kakangu ananichukia. Saa tisa za usiku naamka, silali tena mpaka adhana. Nguo za wateja zinachelewa, mwanangu mdogo nampigia kelele kwa jambo la bure. Watu waniambia ilikuwa siku yake, ni kazi ya Mwenyezi Mungu. Naamini, lakini haliniingii.

Shoga yangu mmoja alinipa karatasi yenye maswali manne. Akasema niandike wazo linaloniumiza, niulize kama ni kweli, kama naweza kujua kwa yakini, huwa vipi ninapoliamini, na ningekuwa nani bila ya wazo hilo. Halafu niligeuze. Niliandika, "Kakangu anafaa aniombe radhi." Kuligeuza ikawa, "Mimi nafaa nimwombe kakangu radhi." Nililia nikaichana ile karatasi. Yaani hata karatasi ilinihukumu.

Naomba uniambie mambo matatu. Maswali haya ni ya dini ya watu? Nikiyajibu mpaka nijione sina kosa, si ninajidanganya? Na kakangu nimfanye nini?

Mwenye Deni la Mama, Likoni


Mwanangu wa Likoni,

Waaleikum salaam, marahaba, na makiwa. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia. Nitaanza na lile la dini kwa sababu nadhani ndilo linalokuzuia kushika tena kalamu.

Maswali uliyopewa yalitungwa na mwanamke wa Kimarekani aitwaye Byron Katie. Alikuwa ameishi miaka mingi na huzuni nzito iliyomlaza kitandani, na mwaka 1986, akiwa katika nyumba ya kutunzia watu huko California, asema aliamka asubuhi moja akatambua kwamba alipoyaamini mawazo yake aliteseka, na asipoyaamini hakuteseka. Maswali yakatoka hapo. Ukiyajibu huabudu chochote wala huapi kwa chochote. Kabla yake, miaka ya 1960, daktari wa akili wa Philadelphia, Aaron Beck, alikuwa ameshaona kwamba wagonjwa wake wenye huzuni walipitiwa na mawazo ya haraka haraka ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza swali, nayo karibu yote yalikuwa ya kujishusha. Akawafundisha kuyanasa na kuyapima kwa ushahidi, na wagonjwa wa njia hiyo mpaka leo hupewa karatasi ya kuyaandika. Hakuna linalokutoa katika dini yako hapo.

Tena kwetu jambo la kukaa na nafsi na kuihoji lina umri mkubwa. Harith al-Muhasibi, mzaliwa wa Basra aliyefia Baghdad mwaka 857, alipata lakabu yake kwa sababu ya kuihesabu nafsi yake. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliiandikia muhasaba, yaani huko kuihesabu nafsi, mlango mzima. Ila muhasaba huanza na kitendo: leo nimetenda nini? Maswali ya shoga yako huanza na wazo: ninaamini nini, na je, ni kweli? Kwa jambo lako yahitajika yote mawili, maana ndani yake mna kitendo na mna wazo, na wewe umevichanganya.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa nawe.

Wauliza kama utakuwa unajidanganya. Swali zuri sana, na ninalipenda kwa sababu linaonyesha hutaki kubembelezwa. Basi sikiza. Kama mtu ataandika "nilimuua mamangu," kisha akalifuta na kuandika "mimi ni mwana mwema, mama ananitabasamia peponi," huyo amejidanganya, au tuseme amebadilisha sentensi asiyoijua kwa nyingine asiyoijua. Usiku wa saa tisa ile ya kwanza itarudi, kwa sababu haikuulizwa, ilifunikwa tu. Kuandika kwa kuuliza ni kitu kingine. Unaliweka wazo juu ya karatasi na unamwuliza shahidi, yaani wewe uliyekuwapo chumbani usiku ule, aseme aliyoyaona. Asiyoyaona asiyaseme.

Chukua sentensi moja tu. "Nilimuua mamangu kwa uzembe." Iandike juu ya ukurasa kama ilivyo, kwa maneno hayo hayo mabaya. Usiipambe kwa lugha ya heshima. Kichwani wazo hili halishikiki: ukilijibu hivi linageuka vile, ukisema "lakini nilimpa dawa" lasema "lakini ulilala." Likishaandikwa halina pa kukimbilia.

Swali la kwanza, je, ni kweli? Nadhani utaandika ndiyo. Andika. Usijilazimishe kuandika la kwa ajili yangu.

La pili, je, waweza kujua kwa yakini? Hapa chukua muda, hata siku mbili ukitaka.

Dalili ulizoniandikia ni za kiharusi, nacho kina namna mbili kubwa. Kuna mshipa wa ubongo ulioziba na kuna uliopasuka. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini ni ya ule ulioziba tu, na hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya mgonjwa kupigwa picha ya kichwa. Ambaye mshipa wake umepasuka, dawa hiyo yaweza kummaliza. Hata miongoni mwa wenye mshipa ulioziba si wote wanaofaa kupewa, na si wote wanaopewa wanaopona. Sasa niambie, mamako alikuwa na kipi? Hukuniandikia, na huenda hata hukuambiwa. Picha ingepigwa usiku ule? Kile kilichomnyang'anya maneno kilianza saa tatu ukiwa macho, au saa kumi ukiwa umelala? Hujui. Mimi sijui. Wale wanaokuambia "angekufa tu" hawajui, na ndiyo maana maneno yao hayakuingii, kwa kuwa wewe si mjinga, wasikia kabisa kwamba wanalolisema hawana hakika nalo. Lakini na wewe unayesema "angeishi" huna hakika zaidi yao. Umelibeba kama jambo lililothibitishwa, na halikuthibitishwa na mtu yeyote.

Basi ikate sentensi yako. Kipande kimoja ni "Nilingoja asubuhi." Hicho ni kweli, ulingoja, na sitakuondolea. Kukiondoa ndiko kungekuwa kujidanganya. Kipande cha pili ni "Nilimuua," nacho hukijui. Cha tatu ni "kwa uzembe." Hebu tukiulize kwa mambo uliyoniandikia mwenyewe. Mzembe ni anayeona hatari akapuuza. Wewe ulimtazama mamako usoni, ukamsikiza anavyozungumza, ukampa dawa, ukapasha mafuta, ukamkanda, ukaacha kitanda chako ukalala sakafuni kando yake. Andika mambo hayo moja moja, yote, chini ya neno "uzembe," kisha uyasome pamoja. Ulikosa kujua. Hilo andika pia, kwa kuwa ni kweli: sikujua kwamba ganzi ya mkono mmoja ni dalili. Kutojua kunaumiza. Ila kutojua si kuua.

Na daktari yule. Saa ambayo dalili zilianza ndiyo kitu anachokitaka mwanzo kabisa, kwa sababu ya zile saa nne na nusu, na ni lazima aiandike. Ulichokiona ni kijana ameinama anaandika saa. Hukumu uliyoisoma katika kichwa kile kilichoinama uliiweka wewe, kwa sababu tayari ulikuwa umejihukumu njiani, pengine ndani ya feri. Hilo nalo liwekee ukurasa wake: "Daktari aliona ni makosa yangu." Je, waweza kujua?

(Wasomaji wengine, niruhusuni hapa. Mdomo ukienda upande, mkono au mguu mmoja ukifa ganzi au kulegea, maneno yakigoma kutoka, hata kama ni usiku na hata kama yamepita baada ya dakika chache, msingoje kukuche. Itazameni saa, kisha mwamsheni jirani mwenye gari. Nawe mwanangu wa Likoni, mistari hii usiisome kwa kujichoma. Wewe hukuisoma kabla.)

Swali la tatu, huwa vipi unapoliamini wazo hili? Hili umelijibu bila kuulizwa: usingizi umekatika, nguo za wateja zimelala, mtoto anapigiwa kelele, sauti za kaka hazifunguliwi. Liandike hata hivyo, kwa sababu kuna kitu kimoja hukukitaja nami nimekiona kutoka huku nje. Barua yako ni ndefu, inaeleza ganzi, mafuta, tuktuk, feri, daktari, kaka. Mamako mwenyewe hayumo. Sijui alikuwa mtu wa namna gani. Sijui alikuwa akipika nini kikanukia mtaa mzima, alikuwa mkali au mpole, aliwaitaje wajukuu zake. Mwaka mzima umemkumbuka kama mgonjwa wa usiku mmoja.

Ndiyo maana swali la nne kwako lina uzito kuliko yote. Ungekuwa nani bila ya wazo hili? Shoga yako labda alitarajia useme ungekuwa na furaha. Mimi sitarajii hivyo. Nadhani ungekuwa mwanamke aliyefiwa na mamake, na ungemlilia. Huzuni hiyo usiiandikie maswali. Huwezi kuuliza "je, ni kweli nimemkosa mamangu?" Umemkosa, na kumlilia ni haki yake na yako. Linaloulizwa ni lile wazo lililokaa mlangoni likakuzuia usiingie kwenye msiba wako. Umejiadhibu badala ya kuomboleza, mwanangu, na adhabu haichoki, haina arobaini wala hitima.

Utakapoanza kuandika utajisikia vibaya zaidi kwanza. Nakuambia mapema ili usiichane karatasi nyingine. James Pennebaker, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, pamoja na mwenzake, walitoa utafiti mwaka 1986 ambamo wanafunzi wa chuo waliandika kwa dakika 15 siku nne mfululizo. Waliotakiwa kuandika juu ya jambo zito la maisha yao, yaani lililotokea pamoja na walivyojisikia, walitoka pale na nyuso zimeanguka kuliko wenzao walioandika mambo ya juu juu. Lakini katika miezi iliyofuata walienda kwa daktari wa chuo mara chache zaidi. Kwa hiyo kulia juu ya karatasi hakumaanishi umekosea njia.

Sasa lile la kugeuza, ambalo lilikuumiza. Hapa nataka kusema wazi, kwa sababu nimeona watu wakijeruhiwa nalo. Kuligeuza wazo ni kuuliza tu: je, kinyume chake nacho kina ukweli wowote? Unageuza huku na huku, na kila upande unautafutia mifano halisi. Usipopata mfano unauacha. Hulazimiki kuumeza. Wewe uliandika, "Kakangu anafaa aniombe radhi," ukaligeuza mara moja, ukafika kwenye "mimi nafaa nimwombe," ukasimama hapo kwa sababu palifanana na unavyojihukumu tayari. Ungeendelea. "Mimi nafaa nijiombe radhi." Kwa lipi? Kwa mwaka mzima wa kujiita muuaji, labda. "Kakangu hafai kuniomba radhi." Hiyo ina mfano? Pengine hajui hata kwamba maneno yake yalikuchoma. Na ile uliyosimama nayo, ukiirudia ukiwa umetulia, huenda ina kitu kidogo na cha kweli ndani yake: ulimpigia siku ya pili jioni. Ulikuwa na sababu njema, lakini yeye alikosa kumwona mamake na akakosa kushika mchanga wa kaburi. Kumwambia "nisamehe kwa kuchelewa kukupigia" si kusema "nisamehe kwa kumuua mama." Ni mambo mawili mbali kabisa, na la kwanza mtu mzima aweza kulisema bila kuvunjika.

Lakini yako mambo ambayo mimi sikubali yageuzwe hata kidogo. Mke anayepigwa asiambiwe aandike "mimi ndiye ninayempiga." Mtoto aliyeharibiwa na mtu mzima asitafutiwe sehemu yake katika dhambi ile. Wapo wanaofundisha njia hii wanaolisukuma mpaka huko, na hapo mimi naachana nao. Aliye hatarini kwanza atoke hatarini, awaambie watu, afike polisi na hospitali. Karatasi itangoja.

Namna ya kufanya haina mambo mengi. Tafuta daftari, si simu, maana simu ina kaka na wateja ndani yake. Liweke kwenye kabati la vitambaa ambapo watoto hawafiki. Andika asubuhi wakishakwenda shule, kabla mteja wa kwanza hajapiga hodi, robo saa, kisha funga uende kwenye cherehani. Usiandike saa tisa usiku. Saa hiyo kila wazo huonekana kweli. Ukiamka, jiambie tu "hili nitaliandika asubuhi," na uswali ukipenda. Sentensi moja kwa siku yatosha, na hiyo hiyo waweza kuirudia wiki nzima. Andika kwa Kiswahili chako cha nyumbani, lile neno lenyewe unalojiambia. Tena, na hili ni langu wala silo la karatasi ya shoga yako, kila siku ukimaliza maswali ongeza mistari michache juu ya mamako alipokuwa mzima. Chochote. Alivyofunga leso, alivyogombana na wauza samaki.

Nina jambo la kukuuliza na unijibu kwa ukweli. Katika usiku huo wa saa tisa, huwa unatamani usiwepo? Kama jibu ni ndiyo, hata kidogo, basi usibaki na daftari peke yako. Piga 1199, ni simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, na upo msaada wa kisaikolojia hapo. Mwambie mume wako leo, kabla hajaenda zamu. Na hata kama jibu ni la, mwaka wa kutolala ni mrefu mno. Nenda zahanati, eleza usingizi na mawazo, uombe kupelekwa kwa mshauri. Hospitali ya Port Reitz nako kuna huduma ya afya ya akili, na mtu asikutishe kwa maneno ya mtaani kuhusu wanaokwenda huko. Presha yako nayo ipimwe, kwa sababu ya mamako. Imamu wa msikiti wenu waweza kumwendea kwa lile la kadari likikusumbua, ila enda umeshaandika, ili umpe swali lenyewe na si kilio kitupu.

Nimekuja kwa kaka. Wasema, "Kakangu ananichukia," na wasema, "Najua atakalosema." Mwanangu, katika barua nzima hili ndilo wazo dhaifu kuliko yote, na ushahidi wake umo mkononi mwako na hujaufungua. Mtu anayekuchukia hutuma sauti mwaka mzima bila kujibiwa? Labda hutuma ili alaumu. Labda hutuma ili aulize hali ya watoto. Nisijifanye najua; nikikuambia "kakako anakupenda" nitakuwa nimefanya lile lile ninalokukataza. Na maneno yake ya matangani, "haya yasingekuwa," haya yepi? Kifo? Au kule kufika akakuta kaburi limeshafunikwa? Wewe ulisikia kifo kwa sababu ndicho ulichokuwa ukijiambia. Yeye alikuwa ametoka uwanja wa ndege moja kwa moja, hakuzika mamake, akaona wanawake wamejaa sebuleni. Alikosea kulisema mbele za watu, hilo ni kweli na waweza kumwambia. Alilolimaanisha hatujui mpaka aulizwe.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza andika ukurasa wa "kakangu ananichukia," maswali yote manne, kabla hujagusa simu. Kisha mchana, shoga yako akiwa pembeni, zifungue sauti kuanzia ile ya zamani kabisa. Ukikuta lawama, utajua ni lawama ipi, na hiyo utaiuliza kama ulivyoziuliza nyingine. Ukikuta kitu kingine, utakiona mwenyewe. Baada ya hapo mtumie sauti yako, fupi, useme hivi au kwa namna yako: "Kaka, nisamehe nilichelewa kukupigia. Nilidhani mama atainuka. Lile ulilosema matangani liliniumiza sana, na nataka kujua ulikuwa na maana gani." Usiongeze kujitetea, na usiseme ulimuua mtu.

Akijibu, liandike jibu lake neno kwa neno kabla hujaamua maana yake. Kisha uniandikie, na safari hii unieleze mamako alikuwa nani.

Shangazi